Robine ya Shofaji na Kikwembe cha Bibi

Mwezi wa saba uliopita nilipeleka gari langu gereji, kwa sababu maji yalikuwa yanapungua kila asubuhi na sikujua yanakwenda wapi. Fundi, kijana mpole mwenye kofia ya sufu iliyomshuka hadi kwenye nyusi, alifungua boneti, akachungulia, akapitisha kidole chini ya mpira mmoja, kisha akanieleza. "Mama, ni robine ya shofaji njo inavuja. Tutaitosha, tutaunga mipira mibili, inaisha. Shofaji ni ya nini kwetu huku?" Alisema hivyo huku meno yake yanagongana kwa baridi. Nilicheka mpaka akanitazama kwa wasiwasi. Nilimwambia asitoe kitu. Atafute robine nyingine hata kama itachukua wiki nzima, mimi nitapanda taksi. Akakubali shingo upande, nami nikaenda zangu barabarani nikiwa na furaha ambayo nisingeweza kumweleza.

Nikueleze wewe, rafiki yangu, maana una nafasi. Kama hujawahi kufungua boneti, shofaji ni kile kifaa kinachochukua maji ya moto ya injini na kupuliza joto lake miguuni mwa abiria, na robine ni bomba dogo la kuyaruhusu hayo maji au kuyazuia. Ni kitu cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Robine moja ya namna hiyo iliwanunisha babu na bibi yangu miaka sita.

Nyumbani tuliwaita wote wawili kambo, lakini hapa nitasema babu na bibi nisije nikakuchanganya. Niliishi kwao tangu nilipoanza shule, katika mtaa wa wafanyakazi wa reli, nyumba za matofali zilizopangwa mstari mmoja, na treni ikipita sahani zote kabatini zilikuwa zinaitikia. Babu alikuwa mashinisti mstaafu. Alianza kwa kutia makaa kwenye treni ya moshi, akamaliza akiwa dereva mkubwa ambaye hata wakuu wa stesheni walimpisha. Familia ilitoka kaskazini, upande wa Kongolo, ikaifuata reli hadi huku na kukaa.

Na usije ukawaamini wanaosema kwetu ni joto tu. Mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi inauma. Asubuhi nilikuwa naamshwa na mlio wa ufagio wa bibi, natoka nje na blanketi mabegani kuwasha mbabula, napepea makaa na kifuniko cha sufuria mpaka macho yanatoa machozi. Mikono ilipasuka, tukaipaka mafuta ya mawese kidogo, siku nzima tukanukia jikoni. Kisha bibi alikaanga vitumbua, chai ikachemka na tangawizi nyingi, tukakaa tumeuzunguka moto hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Jioni ilikuwa bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na siku za bahati kipande cha kikanda cha mizizi na karanga, na babu na kikombe chake cha munkoyo, togwa ya mahindi, alichokinywa polepole kana kwamba kilikuwa na mwisho mbaya.

Gari la babu lilikaa chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Lilikuwa gari la Kiingereza la mbio, la viti viwili, fupi sana hivi kwamba mtu mzima alikuwa anakaa karibu na lami. Paa lake lilikuwa la turubai, rangi yake ya kijani kibichi, na usukani ulikuwa kulia wakati ambapo magari mengi ya mjini bado yalikuwa na usukani kushoto. Mhandisi mmoja wa reli aliliacha alipoondoka nchini, akamkabidhi babu funguo na kitabu cha mafundi ambacho hakuna mtu nyumbani aliyeweza kukisoma. Babu alikisoma kwa picha. Kila Jumamosi alilala chini ya gari hilo tangu asubuhi, tukaona miguu tu, na bibi alikuwa anaisalimia ile miguu akipita na ndoo.

Sasa kosa lenyewe lilikuwa hivi. Kiwandani robine ya shofaji iliwekwa mahali pake, kwenye injini, nje ya chumba cha abiria, na waya mrefu uliivuta kutoka kwenye kitufe karibu na usukani. Siku moja waya ule ulikatika. Fundi yeyote mwingine angetafuta waya. Babu yangu alikuwa mashinisti, na mashinisti huishi maisha yake yote amezungukwa na mabomba na mikono ya kuzungusha, kila kitu mbele ya macho, kila kitu kwenye urefu wa mkono. Alisema ni upumbavu kuweka robine mahali ambapo dereva hawezi kuishika. Akaing'oa kwenye injini, akarefusha mipira, akatoboa ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, akaifunga ndani, chini ya dashibodi, juu ya magoti ya abiria. Majirani wa reli walikuja kuiangalia wakasifu sana. Wote walikuwa watu wa treni.

Abiria, bila shaka, alikuwa bibi.

Siku ya ndoa ya binti yao wa mwisho, shangazi yangu, bibi aliingia katika lile gari amevaa kikwembe, kitenge alichokihifadhi sandukuni miaka mitatu kikisubiri siku hiyo. Ilikuwa mwezi wa kumi, jua kali, injini ikaanza kuchemka. Kuna ujanja ambao madereva wote wa kwetu wanaujua: injini ikizidi joto, fungua shofaji, joto lihamie ndani, injini ipumue. Babu akazungusha robine yake kwa fahari. Mpira wa ndani ya robine ulikuwa umechoka, ukapasuka, na maji yote yale, mekundu kwa kutu, yakamwagika mapajani mwa mama wa bibi harusi. Namshukuru Mungu kikwembe kilikuwa cha mikunjo mingi, hayakumuunguza. Katika picha za ndoa ile utamtafuta bibi. Yuko nyuma kabisa, safu ya mwisho, amejifunga kitambaa cha kuazima.

Tangu siku hiyo hakuingia tena katika gari. Hakupiga kelele, hakumsusia chakula. Alianza tu kutembea. Babu akaziba mpira wa shofaji kwa kipande cha mti alichokichonga.

Nilipofika mimi nilikuta mambo yamekwisha kuwa desturi. Jumapili asubuhi bibi alitoka mlangoni, rozari mkononi, akashika njia ya kanisani kwa miguu. Babu alitoa gari kibandani, akamfikia, akatia gia ya kwanza, akatembea naye sambamba. Kwa kuwa usukani ulikuwa kulia na bibi alitembea ukingo wa kulia, bega la babu lilikuwa karibu naye kuliko lilivyokuwa karibu na mimi. Walizungumza njia nzima, habari za mahindi, za nani anaumwa, za sauti mbaya ya mwalimu wa kwaya, bibi juu na babu chini, kilomita mbili, mwendo wa kuku. Watu wapya mtaani waliwauliza kwa nini mama asipande. Bibi aliwajibu, "Miguu yangu haivuje," akaendelea na safari.

Na katika kiti chake nilikaa mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na nakuambia ukweli, sijawahi tena katika maisha yangu kuwa mtu mkubwa kama nilivyokuwa Jumapili zile. Kazi yangu ilikuwa kushika galoni la maji kati ya miguu, kwa sababu gari linalotembea mwendo wa bibi kizee lazima lichemke, na tulisimama mara mbili njiani kulinywesha. Watoto wa shule walitukimbilia wakishika milango. Mimi niliwapungia mkono kwa kiasi, kama nilivyoona wake za wakubwa wanavyofanya.

Mwaka ninaokusimulia walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Padri alishapanga misa ya jubile, mwezi wa saba katikati, misa ya kwanza ya alfajiri kwa sababu ndiyo waliyofungia ndoa. Watoto wao wangekuja kutoka Likasi na Kamina. Lakini mwaka huohuo goti la bibi lilivimba. Baridi ilipoanza akawa anatembea akilivuta, anasimama kila nguzo ya umeme, na babu anasimama naye, injini inanguruma. Daktari alimkataza kutembea mbali asubuhi za baridi. Binti yao mmoja akapendekeza taksi. Bibi alisema hakuolewa kwa taksi na hatafanya jubile kwa taksi. Kama ni kutambaa, atatambaa.

Babu aliyasikia hayo akiwa na kijiko cha chai mkononi. Aliinuka, akaenda kibandani siku isiyo ya Jumamosi.

Alichotaka kilikuwa kimoja na mtaa mzima ulikijua: mke wake aingie kanisani siku ile ameshuka kutoka katika gari lake, mkavu, miguu ikiwa na joto. Alifungua robine juu ya gazeti, sebuleni, kitu ambacho bibi hakuwahi kukiruhusu na siku hiyo alijifanya hakioni. Ilikuwa imefanya kutu ya kijani kama vitu vyote vya shaba, akanipa nisugue kwa ndimu na mchanga mpaka ikang'aa. Mpira wa ndani ulikuwa umebaki nyuzi. Akakata mwingine wa mviringo kutoka kwenye shambere, tyubu ya baiskeli, akaukaza, akarudisha robine palepale, chini ya dashibodi. Tukaenda kujaribu, mimi na yeye.

Rafiki yangu, kwa dakika kumi nilijua utajiri ni nini. Nje baridi, watu wamejikunyata, na miguuni mwangu upepo wa moto unapuliza, vidole vinafunguka kimoja kimoja. Kisha tone likadondoka gotini. Kisha la pili. Shambere ya baiskeli haikuumbwa kwa maji ya moto. Ililainika, ikaachia, na soksi zangu za shule zikaloa hadi kwenye vifundo. Babu alizima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani.

Na mimi nilifurahi. Nalisema waziwazi kwa kuwa bibi hayupo tena kunisikia. Gari lilikuwa na viti viwili tu, na robine ikipona, wa kutembea ni mimi. Nilifurahi mpaka nilipomtazama usoni nikaona kidevu chake kinacheza. Hapo furaha ikanishuka, nikaona haya, nikamwambia kwamba maji hayakuwa ya moto sana.

Jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta alikuwa mama mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, anauza kwa jumla sukari, sabuni na misumari, na aliendesha lori lake mwenyewe mpaka mpakani Kasumbalesa na kurudi. Alikuwa rafiki wa bibi wa kusali naye rozari. Jioni ile alikuja kuomba chumvi, ambayo nina hakika alikuwa nayo magunia, akaona soksi zangu kwenye kamba, akaenda moja kwa moja kibandani. Aliitazama robine, akatazama mipira inayopita ukutani, akamuuliza babu nani aliileta robine ndani. Babu akamweleza habari za treni, mkono wa dereva, na kadhalika. Yule mama alisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Muzee, hii haiko treni," alimwambia. "Mi nitakutafutia robine mupya. Lakini weye urudishe yote kwenye injini, kwenye benyewe baliiweka. Sitaleta kitu ya kumumwangia tena mama maji."

Siku nne babu hakumsalimia. Siku ya tano nilimkuta amefungua kitabu cha mafundi kwenye picha ya injini, miwani mbili puani moja juu ya nyingine. Ukimjua mashinisti utajua ilimgharimu nini kukubali kwamba kitu kikae mahali asipoweza kukishika. Wiki iliyofuata lori la jirani lilirudi kutoka Zambia na robine mpya ndani ya kopo la mafuta ya taa, imetoka kwa mzee mmoja wa Ndola aliyekuwa na magari matatu ya aina hiyo, yote yakiota majani. Babu aliifunga kwenye injini, na chini yake akaweka karatasi ngumu ya boksi la sukari aliyoikata vizuri na kuipaka grisi ili maji yasipenye. Waya wa kuivuta ulitoka kwenye breki ya baiskeli yake. Matundu ya ukutani aliyaziba kwa vipande vya bati na mipira, akabakisha njia mbili za maji tu. Alijaribu peke yake, siku tatu mfululizo, hakunichukua.

Siku tatu kabla ya jubile alikuja jikoni amevua kofia, akamwambia bibi kwamba gari ni zima. Bibi alikuwa anachekecha unga. Alichekecha mpaka ukaisha, akafuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na kikwembe chake kipya cha jubile, kile ambacho fundi wa kushona alikuwa bado hajakiona, cha buluu na ndege wa njano, kimekunjwa kama kilivyotoka dukani.

"Vwala hii, muzee, ukae pale mi nilikuwa nakaa," alisema. "Mama jirani atakuendesha. Ukirudi mukavu, nitaingia."

Nilidhani babu atakataa. Kwanza, hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuliendesha gari lile. Pili, saa zile wastaafu wote wa reli walikuwa wamekaa barazani kwa muuza munkoyo, na hakuna njia ya kutoka mtaani isiyopita mbele yao. Babu aliiweka kofia yake juu ya meza. Kisha akakipokea, akakifunga kiunoni juu ya suruali yake, vibaya, bibi akamrekebishia fundo.

Waliondoka mchana kweupe. Jirani alishika usukani kama anashika lori, babu pembeni yake amenyooka, ndege wa njano magotini, mikono juu ya magoti kama anapigwa picha ya pasipoti. Watoto wote wa mtaa tuliwakimbilia nyuma. Kwa muuza munkoyo kicheko kilipanda hata mbwa wakaamka, mmoja wa wazee akapiga saluti ya reli, na babu akaijibu bila kugeuza shingo. Wakapanda hadi njia ya mtaa wa Golf, wakazunguka, wakapotea machoni petu muda wa kupika bukari. Bibi alikaa kwenye kigoda mlangoni, mguu mbaya umenyooshwa. Hakucheka hata kidogo. Nilimwona anafinya rozari mfukoni.

Waliporudi babu alishuka polepole, akasimama mbele yake. Bibi alikipapasa kikwembe kwa viganja viwili, kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, mbele na nyuma, kisha akamgusa miguu pia. Kila kitu kilikuwa kikavu, na joto. Sisi watoto tulikuwa tunasubiri ruhusa ya kushangilia. Lakini yeye aliinua macho akamwambia kwa sauti ndogo:

"Ile siku ya ndoa uliniambia ni maji tu. Ukaenda kuangaria injini."

Ndipo nikaelewa, na nadhani hata jirani alielewa pale pale, kwamba miaka sita yote hakuwa ananung'unikia kikwembe. Babu aliangalia chini, kwenye ndege wale wa njano, kama mtu anayewahesabu.

"Haikukuwa maji tu, mama," alisema. "Nilikuharibia siku yako. Unisamehe."

Bibi alimfungua kikwembe, akakikunja vizuri, akasema chakula kinapoa.

Siku ya jubile baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulisimama mlangoni mwa kanisa, watoto wao, wajukuu, jirani, kwaya, padri na mvuke unamtoka mdomoni. Mimi nilikuwa nimetembea kilomita mbili na viatu vipya, na sikuwa nimenuna, amini usiamini. Taa za gari zikatokea, tukaanza kuimba. Gari lilikuja, likafika mbele yetu, likapunguza mwendo, na likapita. Tuliona mkono wa bibi kwenye kioo, tukaona meno yake yote. Walikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa lami, tukawasubiri robo saa nzima tukitetemeka, na padri alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kukimbiwa na maharusi wa miaka hamsini. Waliporudi bibi alishuka mashavu yakimng'aa kwa joto. Aliulizwa walikuwa wapi. Alijibu kwamba miguu yake ilikuwa bado haijachoka kukaa.

Hayo yote hayapo sasa. Babu alitangulia, bibi akamfuata kabla mwaka haujaisha, na gari lilipandishwa kwenye lori likavuka mpaka kwenda kwa yule mzee wa Ndola. Nyumba za reli zimevunjwa nusu, maduka yamejengwa. Munkoyo wanauza kwenye chupa za plastiki. Mama jirani alirudi kwao kuzeeka na wajukuu, na akinipigia simu bado anacheka kabla ya kusema haloo.

Mimi na mume wangu tuna gari la milango minne na kila mmoja ana haraka zake. Tukikoseana tunaombana msamaha kwa simu, kwa maneno mawili na picha ya moyo, hata hasira haijapata nafasi ya kukaa. Ni vizuri, silalamiki, ni mume mwema. Ila hajawahi kuvaa kikwembe changu akapitishwa mbele ya marafiki zake wote, mgongo umenyooka, ili tu nijue kwamba mahali alipokuwa ameniketisha pameshakuwa pakavu.